Takia la Toroli la Kibokoni

Siku nilipoagwa kazini, Bwana Mutua, mkuu wa chumba chetu cha makumbusho ya reli, alisimama akasoma karatasi yenye vyeo vyangu vyote kwa mpangilio. Alimaliza upesi, kwa kuwa vyeo vyenyewe vilikuwa viwili. Baadaye nyinyi vijana mkanizunguka, mkaniambia niandike niliyoyaona kabla sijayasahau. Basi haya hapa. Habari za vyeo sikuzitia, wala za mshahara, ambao miaka yote ulikuja na kuondoka bila kunisalimu. Nimeandika habari za siti, maana kazi yangu tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa moja: kushona mahali ambapo mtu mwingine atakaa.

Nilizaliwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, katika nyumba ambayo kila mwanamke alijua kushona kitu. Mama alidarizi kofia, shangazi zangu walishona mito ya maharusi. Niliposikia kwamba karakana ya mabehewa pale stesheni inatafuta mshonaji, nilivaa buibui jipya nikatia kofia tatu mkobani ili nionyeshe mkono wangu. Mlinzi wa lango aliniuliza nimemletea nani chakula. Nikamwambia nimekuja kazi. Akanitazama, akautazama mkoba, akaniuliza tena ni chakula gani.

Fundi wa siti alikuwa Mzee Maneklal, Mgujarati mnene aliyezaliwa papa hapa kisiwani, miwani yake imefungwa kwa uzi wa katani. Alikisema Kimvita vizuri kuliko mimi, na alipokasirika tu ndipo alipohamia lugha ya kwao. Alizigeuza kofia zangu moja moja, akazinusa, sijui kwa nini.

"Kazi safi," akasema. "Lakini abiria wetu, binti, hawakalii kichwa."

Akanipeleka kwenye siti moja ya daraja la pili, iliyobonyea katikati kama mtumbwi.

"Haya. Ifumue."

"Kisha niishone vipi, fundi?"

"Nimesema ufumue. Kushona utashona mwezi ujao."

Hakuwa akitania. Mwezi mzima nilifumua. Kila tabaka nililolitoa lilipaswa kulazwa sakafuni kwa zamu yake: kitambaa cha juu, kitambaa cha zamani chini yake, gunia, usumba, springi, mikanda. Uzi haukukatwa, ulivutwa. Nilipomuuliza kwa nini tusikate tukamaliza, aliniambia, "Aliyeshona kabla yako alikuwa na maneno yake. Ukikata, umemkatiza." Mwanzoni niliona ni uvivu wa mzee anayetaka siku ipite. Baada ya siti kama arubaini hivi nikaanza kumwelewa. Kwa mshono tu niliweza kujua fundi alikuwa wa mkono wa kushoto, au alishona akiwa na haraka, au kitambaa kilimwishia njiani akaunga kwa siri upande wa ukutani.

Zana zenyewe ziko kwenye kabati la kioo na nyote mmezifuta vumbi, lakini naona mwaziita zote "sindano". Ile ndefu na nene ni shazia. Ile iliyopinda kama mwezi wa siku tatu ni shazia pia, ya kushonea pembe ambapo mkono haupiti. Kile kikofia cha chuma ni subana, cha kukinga kidole. Nta ni ya kupaka uzi usifumuke. Na usumba ni zile nyuzi za makumbi ya nazi zilizojaza siti za daraja la pili. Daraja la kwanza lilijazwa singa za farasi. Daraja la tatu lilikuwa mbao tupu, likajazwa subira ya abiria.

Ndani ya siti tulikuta vitu. Watu huziingiza hirizi na barua katikati ya takia na mgongo wa siti, kisha husahau au hujifanya wamesahau. Tulikuta nusu ya meno ya bandia, na mwezi uliofuata, kwenye behewa jingine kabisa, tukakuta nusu ya pili. Mzee Maneklal aliziunganisha juu ya meza akazitazama kwa muda. "Huyu mtu," akasema, "yuwapenda kusafiri kweli."

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa pili. Behewa moja lilianza kuleta malalamiko. Abiria wa siti ya dirishani, chumba cha tatu, alikuwa akiruka na kupiga kelele kila treni ilipopinda kona kali. Mfanyabiashara mmoja aliapa kwamba amefinywa na jini wa kike. Safari iliyofuata, abiria wa chumba hicho wakaja na chetezo cha ubani, na behewa likarudi karakana likinukia kama chumba cha bibi harusi.

Mzee Maneklal aliniamuru nikae kwenye siti zote, moja baada ya nyingine. Nikakaa. Sikuhisi kitu, wakati huo nilikuwa mwembamba, msicheke. Akaja akakaa mwenyewe. Alinyanyuka kwa kasi ambayo sikupata kuiona kwake kabla ya hapo wala baada yake. Akaingiza mkono ndani ya takia, taratibu, akatoa shazia iliyopinda. Kwenye tundu lake mlikuwa na uzi mwekundu. Uzi mwekundu ndio niliokuwa nikifunga mimi, ili nizitambue zangu.

Nilikosa pa kuuweka uso. Mzee akaitazama shazia, akanitazama mimi.

"Jini lako hili lina jina?"

"Halina, fundi."

"Lipe. Na hizi nyingine zote zipe majina. Kila alasiri kabla hatujafunga, utaziita. Ikikosekana ya kuitika, haendi mtu nyumbani."

Nilizipa majina ya shangazi zangu, kwa kuwa nao walichoma. Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu sikupoteza sindano. Kwenye daftari la karakana Mzee aliandika kwamba palikuwa na hitilafu ya springi, imerekebishwa. Na mimi sikuwahi kusahihisha, isipokuwa sasa hivi.

Nilishona pia bendera za magadi wa treni, nyekundu na kijani. Gadi mmoja alinirudishia ya kijani kwa sababu niliitia pindo la maua madogo. "Bi Zuhura," akaniambia, "mimi nairuhusu treni iende. Siipeleki harusini."

Mzee Maneklal alipoondoka kazini hapakuwa na sherehe. Aliniachia siti moja iliyofumuliwa nusu, akaniambia nimalize. Nikaimaliza, na nyingine nyingi baada yake, hadi reli mpya ilipofunguliwa na abiria wakaanza kupandia Miritini, ng'ambo ya bara. Stesheni yetu ya zamani ikanyamaza. Siti za treni mpya zilikuja zimeshashonwa. Nilidhani nitaambiwa niende nyumbani, lakini Bwana Mutua alikuwa amepewa chumba kimoja cha stesheni akifanye makumbusho, akahitaji mtu wa kutengeneza vitambaa vilivyoliwa na nondo. Ndivyo nilivyohamia kwenu.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu kuliko zote nilizofanya.

Mnajua kwamba kabla ya magari kuenea, kisiwa hiki kilikuwa na toroli. Reli nyembamba zilipita katikati ya njia, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini, na matajiri walikuwa na matoroli yao nyumbani kama watu wa leo walivyo na magari. Lilikuwa ni benchi lenye magurudumu ya chuma na paa la kitambaa, bwana ameketi mbele, na nyuma wanaume wawili wakilisukuma mbio, wakipiga kelele "Simila! Simila!" ili watu wapishe. Bwana Mutua alipata picha moja ya zamani ya toroli, akaamua tuunde jingine kama lile. Na tulilihitaji kweli. Chumba chetu kilikuwa hakina wageni, na wakubwa walikuwa wameshaanza kukipima kwa macho wakisema kingefaa kuwekwa makabati ya mafaili.

Seremala tulikuwa naye. Magurudumu hatukuwa nayo. Yalikuwa Kibokoni, nyumbani kwa Maalim Abdalla, mzee wa ukoo wa Kiarabu wa siku nyingi hapa mjini, aliyefundisha hesabu shuleni maisha yake yote. Toroli lile kwenye picha lilikuwa la babu yake. Magurudumu mawili yalizuia milango yake isipigwe na upepo, mawili yalishikilia mitungi ya maua. Na sebuleni, mahali pa heshima, palikuwa na takia la siti yenyewe, jeupe lenye matamvua ya kijani, ambalo hata wajukuu hawakuruhusiwa kulikalia.

Nilikwenda nikamwamkia, nikampa salamu za jamaa wote, nikaulizwa za jamaa wote. Mwishowe tukafika kwenye magurudumu.

"Nitawapa," akasema Maalim. "Na takia nitakuazima upime. Lakini maandishi mtakayoyaweka yaseme ukweli. Babu yangu alipata ajali katika toroli lile, hapo kwenye kona ya Ndia Kuu. Msukumaji alikuwa mzembe, akalipindua. Babu akaruka, akasimama kwa miguu yake miwili, wala kilemba hakikumtoka."

Nikaandika. Bwana Mutua akafurahi sana, kwa sababu ajali huleta wageni.

Tatizo lilianza nilipokwenda mtaa wa Kuze kununua tambuu kwa Bi Mwanakombo. Bi huyu ana umri sawa na Maalim, na ulimi wake una ukali kuliko chokaa anayoitia kwenye tambuu. Nikamsimulia kazi yetu, nikamtajia na ule mruko wa babu wa Maalim. Aliacha kukunja jani.

"Aliruka?"

"Ndivyo asemavyo Maalim."

"Sikiza, mwanangu. Msukumaji huyo mzembe ni babangu. Faki bin Juma. Siku ile watoka Kilindini, na nyuma yao laja toroli la tajiri mwingine. Bwana yule hakutaka kupitwa. Babangu yuwataka kushika breki kwenye kona, bwana yuwamkemea, 'Usishike! Sukuma!' Mbele yatokea mchuuzi na tenga la samaki. Toroli lile likenda upande. Na bwana akaruka, naam, aliruka. Akaingia ndani ya tenga la pono, mzima mzima, na takia lake juu yake."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Yeye hakucheka.

"Mji wote ulicheka kama wewe," akasema. "Na bwana hakuweza kuwafukuza kazi watu wa mji mzima. Akamfukuza babangu. Akasema ni mzembe, na hakuna tajiri mwingine aliyemchukua. Akaenda kuwa hamali bandarini hadi mgongo ukapinda. Na watu wakamwita Faki Pono. Hata makarani. Hata watoto wakimfuata nyuma, 'Faki Pono! Faki Pono!' Nami nikiwa na hina mkononi, siku ya harusi yangu, nikasikia mtu nje yuwasema leo yuwaolewa binti Pono."

Kisha akaniambia la mwisho. "Na paa lile na takia lile havikuwa vyeupe. Vilikuwa vyekundu. Babangu ndiye aliyekuwa akivifua, na kila Ijumaa, alitwambia, viganja vyake vilikuwa vyekundu."

Nilirudi kwa Bwana Mutua nikamweleza. Yeye ni mtu wa Machakos, mwema, na hupenda mambo yawe na jibu moja. "Bi Zuhura," akasema, "huyu mama ana magurudumu?" Nikamwambia hana. "Basi tutaandika ya mwenye magurudumu."

Nililipeleka takia la Maalim nyumbani kwangu kulipima. Ukitaka kutengeneza mfano wa takia lazima ujue limejazwa nini na limeshonwaje, na Maalim alikuwa ameniruhusu kufungua upande mmoja. Nikakaa kwenye mkeka baada ya sala ya adhuhuri, nikavuta uzi. Chini ya kitambaa cheupe palikuwa na kitambaa chekundu.

Nikavuta zaidi. Yule fundi aliyetia kitambaa cheupe alikuwa na haraka kubwa; mishono ilikuwa mirefu na mibaya, kama ya mtu aliyeshona akiwa amegeuza uso pembeni. Hakutoa kile chekundu, alikifunika tu. Na katika lile pindo jekundu, ndani ya mshono, palikuwa na vitu vikavu vya kung'aa, vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Nilivitoa kwa ncha ya shazia nikavipanga kwenye kikaratasi. Vilikuwa saba. Mimi ni mtoto wa Kibokoni. Magamba ya samaki nayajua.

Siku mbili takia lilikaa kwangu. Ningeweza kulifunga, na hakuna ambaye angejua. Magurudumu yangekuja, toroli lingesimama, chumba kingepona, nami nimebakiza miezi michache tu nipumzike. Nilijaribu kulifunga. Nilifika katikati ya upande nikaona naharibu kazi yangu mwenyewe, nikafumua tena. Siku ya tatu nikalishonea nyuzi chache tu za kulishikilia, nikaenda nalo Kibokoni.

"Maalim," nikamwambia, "kuna kitu nataka ukione mwenyewe. Nikikuambia kwa mdomo utanifukuza."

Nikalifungua mbele yake. Akaona wekundu. Akavaa miwani.

"Kilikuwa chekundu," akasema polepole. "Hili sikulijua."

Nikafungua kile kikaratasi chenye magamba. Alichukua moja, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Yalikuwa wapi?"

"Ndani ya pindo. Chini ya kitambaa cheupe."

Akaita ndani, mkewe akatoka jikoni akipangusa mikono. Maalim hakumweleza lolote, alimpa tu lile gamba. "Hili la samaki gani?"

Bibi akalitazama mara moja. "Pono. Umelipata wapi? Jikoni mwangu pono haingii, wajua yuwanuka."

Akarudi jikoni. Maalim akabaki amelishika. Nilidhani atasema niondoke na niache takia hapo. Badala yake akakaa kitako chini, sakafuni, mtu wa umri ule.

"Faki Pono," akasema.

"Wamjua, Maalim?"

"Nilikuwa na miaka minane, tisa. Akipita hapa na mzigo mgongoni. Sisi watoto twamfuata, twamwita hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa. Nilifikiri ni kwa kuwa yuwabeba samaki." Akaligeuza gamba kiganjani. "Aligeuka siku moja akanitazama. Alijua mimi ni wa nyumba gani. Akauweka sawa mzigo wake, akaenda zake."

"Babu yako huenda aliruka kweli, Maalim," nikasema, nikitaka kumpoza. "Mahali alipoangukia tu ndipo penye maneno."

Akanikazia macho ya mwalimu. "Bi Zuhura, mwanafunzi akikosea mstari mmoja wa hesabu, wausahihisha huo tu, au warudi tangu juu? Aliyeficha samaki ameficha na mengine. Tena bibi yangu alikuwa akisema, mumewe hakuweza kuona mgongo wa mtu njiani. Lazima ampite." Akainuka kwa kushika ukuta. "Binti yake yu hai?"

"Yuko Kuze. Yuwauza tambuu."

Kuze si mbali, lakini Maalim alitaka tuktuk, nadhani ili asipate nafasi ya kugeuka njiani. Tulibisha hodi. Bi Mwanakombo akatuona, akaendelea kupaka chokaa jani hadi akamaliza, kisha ndipo akasema karibu.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema Maalim, bado amesimama.

"Ya babu yako au yako?"

Maalim akashtuka. "Wajua kuhusu yangu?"

"Uliyekuwa na sauti kubwa ni wewe. Twaisikia hadi jikoni."

"Basi zote mbili."

"Anza na yako. Ya babu yako ni ya marehemu, haina haraka."

Akaomba. Sitaandika alivyoomba, kwa kuwa niligeuka upande nikatazama makopo ya karafuu. Nilipogeuka tena Bi Mwanakombo alikuwa akimkunjia tambuu, na Maalim akimweleza kwamba meno ya kuitafuna hana tena, na yeye akimwambia aivute tu kama pipi, hakuna aliyemlazimisha kutafuna.

"Nimekusikia," akasema Bi Mwanakombo. "Na mimi nina sharti. Hilo toroli lenu nililiona kwa seremala. Halina kibao cha nyuma."

"Kibao gani?" nikauliza.

"Kwenye mteremko wasukumaji hawasukumi. Waruka juu ya kibao nyuma, wasimama, wapumzika. Babangu alisema hapo ndipo alipokuwa bwana. Nyinyi mmemwekea tajiri siti na paa na matamvua. Babangu miguu yake ataiweka wapi?"

Bwana Mutua alikataa. Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshatoka, na picha haikuonyesha kibao chochote. Nikamwambia, "Bwana Mutua, picha imepigwa kwa mbele. Na mimi nikikupiga picha kwa mbele, haionyeshi kwamba shati limekutoka nyuma." Akapeleka mkono nyuma. Lilikuwa limemtoka. Seremala akaitwa siku hiyo hiyo.

Paa nililishona jekundu. Takia la asili tuliliweka kwenye kioo, pembe moja wazi, mtu aone tabaka zote mbili na yale magamba saba. Seremala alitandika reli fupi pale kwenye jukwaa la stesheni, hatua kama thelathini, na mwisho wake magunia ya mchanga.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa ofisi za serikali, alichelewa, akahutubia kwa kirefu, kisha akasema angependa kulipanda toroli. Bi Mwanakombo akamwambia kwa adabu kabisa kwamba siti ina mwenyewe, ila nafasi ya kusukuma ipo. Watu wakapiga makofi kabla hajajibu, kwa hiyo hakuwa na la kufanya. Akavua koti. Bwana Mutua akashika upande wa pili.

Maalim akaketi, mkongojo magotini. Bi Mwanakombo tukamshika mikono, mimi na mke wa Maalim, akapanda kwenye kibao cha nyuma, akasimama katikati ya wasukumaji wake wawili.

"Haya," akasema. "Simila!"

Toroli halikutaka kuondoka, kisha likataka kupita kiasi. Mgeni rasmi alikuwa na nguvu kuliko tulivyodhani, na lile jukwaa lina mteremko ambao hatukuujua. Wasukumaji wakaachwa nyuma mikono mitupu. Maalim akashika nguzo za paa kwa mikono yote miwili, akaita jina la Mwenyezi Mungu. Watu wakapisha huku na huku. Na yule mwanamke wa miaka themanini na ushei amesimama nyuma, leso yapepea, yuwapaza sauti ambayo sikujua kama anayo, "Simila! Simila! Similaaa!" hadi toroli likaingia kwenye magunia ya mchanga, likasimama kwa kishindo kidogo.

Kilemba cha Maalim kilikuwa kimemshukia puani. Akakirudisha.

"Breki hamkuweka?" akauliza.

"Iko," akasema Bi Mwanakombo nyuma yake. "Nilingoja uniambie nishike."

Maalim alianza kucheka akiwa bado ameshika nguzo. Alicheka hadi mkewe akaja kumpangusa macho, na hakuna aliyejua tena ni machozi gani.

Yale maandishi niliyaandika mimi, kwa mkono, kwa sababu mashine ya kuchapia ya Bwana Mutua ilikuwa imeharibika. Nilikuwa nimeandika kwamba toroli hili lilikuwa likisukumwa na Faki bin Juma wa Kuze. Maalim aliyasoma kabla ya ufunguzi akaomba kalamu. Akaongeza kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Alifukuzwa kazi kwa ajali iliyosababishwa na bwana wake.* Na chini akatia jina lake mwenyewe, mjukuu wa bwana huyo.

Bi Mwanakombo hakusoma shule. Watu walipokwenda kwenye sambusa alinivuta mkono akanipeleka mbele ya ile karatasi, akanitaka nimsomee. Nikamsomea. Akanitaka nirudie. Nilipofika kwenye jina la babake mara ya pili nilisogea pembeni, na Maalim, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha kahawa, akaendelea kusoma hadi mwisho, kwa sauti ile kubwa aliyokuwa nayo tangu utotoni. Chumba kizima kikasikia.

Bi Mwanakombo akatikisa kichwa, ameridhika. Kisha akakunja uso.

"Na mchuuzi?"

"Mchuuzi gani, Bi?"

"Wa pono. Tenga zima lilipondwa, mtu hana hata jina?"

Hakuna aliyelijua. Babake hakuwahi kulitaja. Kwa hiyo nikaacha nafasi ya mstari mmoja chini ya yale maandishi, na Bwana Mutua, ambaye hupenda mambo yawe na jibu, hupita hapo kila asubuhi akaitazama. Nimewauliza wazee wa Kibokoni, wa Kuze, na wa soko la samaki, sikupata. Sasa mimi niko nyumbani na miguu yataka kupumzishwa. Nyinyi bado mna miguu. Ulizeni ng'ambo ya Likoni. Yasemekana pono wa siku zile walitoka huko.